Gloriosa superba, msimu wa tatu: hatimaye tunda limeshika

Limeshika! Asubuhi hii, kwenye Gloriosa superba yangu, ule mmea mtambazi wenye maua mekundu na manjano, nimekuta ovari (sehemu ya ua inayogeuka tunda) ya ua la nne nililolichavusha kwa mkono imevimba, kijani kibichi, na petali zilizonyauka bado zinaning'inia kwenye kikonyo. Misimu miwili nimekuwa nikiokota maua sakafuni, vikonyo vimegeuka manjano, hakuna hata mbegu moja.

Kinachosumbua ni umbo la ua lenyewe. Likifunguka, petali zake sita zenye kingo za mawimbi hupinda kuelekea juu, stameni sita, vile vijiti vinavyobeba chavua, hutanuka pande zote kama mbavu za mwamvuli, na ule mrija mwembamba unaobeba stigma, ncha inayopokea chavua, hukunjika karibu nyuzi 90 pale pale unapotoka kwenye ovari, ukakimbilia ubavuni. Chavua iko huku, stigma iko kule. Porini kipepeo mkubwa anapita, mabawa yake yanagusa vyote viwili. Mimea yangu iko nyuma ya wavu, kwa hiyo kazi ya kipepeo ni yangu.

Msimu uliopita nilitumia brashi ya rangi ya maji. Siipendi kabisa. Chavua inazama kwenye nywele za brashi na haitoki tena. Safari hii nimechukua kibano chenye ncha iliyopinda, nikang'oa stameni nzima kutoka ua la mmea wa pili, nikaisugua taratibu kwenye zile ncha tatu za stigma mpaka unga wa manjano ukaganda.

Hata hivyo, maua matatu ya kwanza yalipukutika. Nilikaa nayo siku nzima nikifikiria, ndipo nikagundua nilikuwa nangoja ua liwe jekundu lote kwa sababu ndivyo linavyopendeza. Kumbe wakati huo limeshazeeka! La nne nililiwahi siku lilipofunguka, petali zikiwa bado na ukijani na manjano. Nimeyafunga uzi mweupe yote niliyoyashughulikia mapema. Mawili mengine nayo yanaonyesha dalili.

Kuhusu nguzo: acheni mianzi minene. Vikono vya mmea huu ni ncha za majani zilizorefuka, na haviwezi kuzunguka kitu kinene. Waya mwembamba au kamba ya katani inatosha. Na glavu ni lazima, mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, kiazi ndicho hatari zaidi. Vyangu navifungia mbali na watoto.

Nilipanga wiki hii niandae mchanga wa kuhifadhia viazi majani yakishakauka, maana vikikaa kwenye unyevu vimelala vinaoza. Itangoja. Nina mmea mmoja wenye maua ya manjano matupu, na tangu jana tumba lake moja nimelivika kipande cha chandarua. Likifunguka tu, naondoa stameni zake zote sita lisijichavushe, na kulipatia chavua ya yule mwekundu.