Vipele vya siku tatu

Jumanne, usiku

Leo nimempeleka binti kliniki kwa sindano ya pili ya surua-rubela, ile ya miezi 18. Kalia kidogo tu, halafu kakamkazia nesi macho mpaka tunatoka mlangoni.

Njiani nilikuwa namuwaza mdogo wangu. Alizaliwa 1988 na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hasikii. Mimba yake ikiwa changa, mama alitokwa na vipele vyekundu na homa kidogo, matezi ya nyuma ya masikio yakavimba. Siku ya tatu vikapotea, akarudi shamba. Alipojifungua, kila mtu akawa na lake. Shangazi akasema mama alimcheka kilema (mama yangu, asiyemcheka hata kuku!). Hospitali alivisimulia vile vipele, daktari akajibu, "Hayo hayahusiani, mama," huku anaandika.

Sasa nasoma kuhusu Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney. Inasimuliwa kwamba mwaka 1941, watoto wengi wachanga wakiletwa kwake na mtoto wa jicho, aliwasikia kina mama wanaosubiri wakiambizana kuwa waliugua rubela, ugonjwa wa vipele vyekundu na homa kidogo, wakiwa wajawazito. Akaanza kuwauliza. Katika watoto 78, mama wa 68 walikuwa wameugua, wengi wao mimba ikiwa changa. Miaka 47 kabla ya mama yangu kuambiwa hayahusiani!

Kirusi chenyewe hupita kwenye kondo la nyuma wakati macho, masikio na moyo ndiyo kwanza vinaumbika. Mama akiugua kabla ya wiki ya 12, uwezekano wa mtoto kudhurika hufika hata asilimia 90. Baada ya wiki ya 20 huwa nadra. Dawa ya kukiua hakuna, na chanjo hapewi mjamzito, ni mpaka awe kaipata kabla. Kwetu Tanzania iliingia 2014. Siwezi kuapa kwamba mama aliugua rubela, hakuna aliyempima. Ila mimi sina shaka.

Jioni nimempigia simu nikamsimulia habari za Sydney. Akauliza kama huyo daktari bado yu hai. Nikamwambia alifariki 1966. Akanyamaza, nikasikia anakoroga sufuria.

"Alikuwa anawauliza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akaniuliza mjukuu wake amekula nini.