Siku ya kuichukua ndege baada ya ukaguzi wa mwaka

Ukaguzi wa mwaka ukishakamilika, wenye ndege wengi hulipa, husaini, na mawazo yao tayari yako njiani kurudi Dodoma. Hapo ndipo ninapoomba subira. Ndege ndogo iliyokuwa ikiruka vizuri imevuliwa boneti, viti, vifuniko vya sakafu, magurudumu na plagi, kisha vyote vikarudishwa. Kila kilichofunguliwa kinaweza kufungwa vibaya, hata na fundi hodari. Hakuna siku ndege hiyo inahitaji macho yako kuliko siku unayoitoa karakana. Nitatumia Cessna 172 kama mfano. Ya kwako ikiwa aina nyingine, kitabu cha ndege yako ndicho cha kufuata.

Makaratasi yasikuchukue asubuhi nzima, ila usiyaruke. Hakikisha kitabu cha bodi (mwili wa ndege), cha injini na cha propela vyote vimeandikwa, saa zinalingana na mita, namba za vipande ni za ndege yako, na injinia mwenye leseni ametia saini ya kuirejesha ndege kazini. Tazama pia cheti cha ustahiki kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kinaisha lini. Kwenye maelekezo ya lazima ya usalama, maneno "yote yametekelezwa" hayatoshi. Dai namba ya kila moja, lilitekelezwaje, na linapaswa kurudiwa lini.

Kisha omba namba za kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyoshika hewa. Ukiona 74/80, maana yake silinda ililishwa hewa ya presha ya psi 80 ikashika 74. Silinda zote zikiwa juu ya 70 na zikikaribiana, hiyo ni dalili njema. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa 10 au 15, uliza hewa ilisikika ikitokea wapi. Kwenye ekzosi, valvu ya kutolea ndiyo inayovujisha. Kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Fundi aliyeipima mwenyewe atakujibu bila kufungua daftari. Omba pia kuona filta ya zamani ikiwa imekatwa na karatasi yake kukunjuliwa. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma; zinazong'aa bila kunaswa mara nyingi ni alumini. Karakana makini huiweka filta hiyo hadi mwenye ndege aione.

Sasa usukani, na hapa sitaki mtu afanye haraka. Nyaya za eleroni, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, zikifungwa kinyume, usukani utazunguka kwa ulaini wote, na ndege itapinda upande usiotaka mara tu magurudumu yatakapoacha lami. Kusema "usukani uko huru" hakusaidii kitu; swali ni unapeleka wapi. Shika usukani kidole gumba kikiwa juu, uzungushe kushoto. Gumba sasa linaelekea bawa la kushoto, na eleroni ya upande huo lazima iwe imepanda, ya kulia imeshuka. Rudia kulia. Vuta usukani: ukingo wa nyuma wa eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, lazima upande juu. Kanyaga pedali ya kulia: ubao wa wima wa mkia uende kulia. Trimu, kifaa cha kupunguza uzito wa kushika usukani, ndiyo husahaulika zaidi. Ukizungusha gurudumu lake kuelekea pua juu, kibao kidogo cha eleveta lazima kishuke. Wengi huona kama makosa, lakini ndivyo inavyotakiwa, maana kibao kikishuka hewa huisukuma eleveta juu. Mweke mtu nje ataje anachokiona, bila wewe kumwambia kwanza unachotarajia.

Ukizunguka nje, chunguza kila nati iliyoguswa. Penye pini ya kufungia, miguu ya pini iwe imekunjwa. Penye alama ya rangi, mstari uwe haujakatika kati ya nati na bamba. Tundu la hewa tuli, linalolisha vipimo vya urefu na kasi, liko ubavuni kushoto, mbele ya mlango, na huzibwa kwa tepu ndege ikioshwa. Tepu ya namna hiyo iliyosahaulika iliiangusha Boeing 757 ya Aeroperu karibu na Lima, Oktoba 1996, watu 70 wakafa. Kwenye mrija wa pitoti, unaopokea hewa ya mbele kwa ajili ya kipimo cha kasi, tafuta udongo: nyigu hawahitaji wiki mbili kujenga humo. Chota mafuta katika kila koki. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya bluu, na maji hukaa chini kama tone lisilochanganyika.

Kama ndege imekaguliwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, jua kwamba mchanganyiko wa mafuta na hewa wa injini ikiwa haina mzigo umewekwa kwa hewa nzito ya pwani. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,600 na ushee, na hapa injini hiyo hiyo itakuwa inalewa mafuta: inatetemeka, plagi zinashika masizi, na ukipima magneto, vizalishaji vya cheche za plagi, mizunguko inaporomoka. Kabla ya kuilaumu magneto, punguza mafuta, iache injini iungue safi kwa muda, pima tena. Wakati wa kuzima, vuta mkono wa mchanganyiko polepole. Mizunguko ikipanda kwa zaidi ya 50 kwa dakika kabla injini haijafa, kuna mafuta mengi mno, na fundi arekebishe.

Safari ya kwanza ifanywe saa 1 asubuhi, bila abiria. Mchana wa nyuzi 30, Dodoma ndege huruka kama iko zaidi ya futi 6,000, na uwanja wenyewe umezungukwa na makazi. Injini ikisita hapo huna pa kuchagua. Mchanganyiko upunguzwe mafuta hadi injini itoe nguvu yake ya juu kabisa kabla ya kuachia breki. Mshale wa kasi usipoamka mapema, simama. Ukipanda, baki juu ya uwanja dakika 20 au 30, macho kwenye presha na joto la oili.

Ukitua, fungua boneti injini ingali ya moto na upitishe kitambaa cheupe chini ya filta mpya. Ikiwa oili inavuja hapo, mara nyingi gasketi ya zamani ilibaki imeganda kwenye kiti chake na mpya ikakazwa juu yake. Kuikaza zaidi hakuponyi. Filta ivuliwe, kiti kisafishwe, gasketi ibaki moja, na waya wa usalama ufungwe upya.