Kompyuta imebadilika sura

Leo tumewasha kompyuta za kazini tukakuta mfumo umejisasisha usiku. Sura mpya kabisa!

Wengi wamefurahi. Madirisha yana kona za mviringo, rangi zimetulia, maandishi yanasomeka vizuri. Hata mimi nakubali, inapendeza.

Ila nilimtazama dada wa uhasibu.

Kila akitaka menyu, anapeleka kishale kona ya chini kushoto, pale ilipokuwa miaka yote. Anabofya, kimya. Anakumbuka imehamia juu, anapanda. Muda si mrefu kishale kiko kona ileile tena. Kichwa kimeshaelewa, mkono bado.

Iliniuma jamani. Huyu ndiye mwepesi kuliko sisi sote, na leo kawa kama mgeni mezani kwake.

Mfumo wa kompyuta wa Windows 8 ulipoondoa kitufe cha Start, kile cha kufungulia menyu, mwaka 2012, watu walilalamika sana, na 2013 toleo la 8.1 likakirudisha. Kwa hiyo kusema kunasaidia.

Watengenezaji wabadilishe wapendavyo, ila watuachie nafasi ya kurudisha mpangilio wa zamani.

Kwenu vipi? Mlizoea haraka, au mikono bado inatafuta vitu vilipokuwa?