Pikapu ya Land Cruiser HZJ75: kumbukumbu ya mradi wangu, Mtwara 2024

Februari

Baada ya misimu kadhaa ya kukodi magari ya watu kila korosho zinapokomaa, mwaka huu nimeamua kutafuta pikapu yangu mwenyewe: kubwa, ya zamani, isiyo na mambo mengi ya umeme, itakayotoa magunia shambani kwetu Nanyamba na kuyafikisha kwenye ghala la chama cha msingi. Hilux nimeziangalia, zipo nyingi na vipuri vyake havisumbui. Lakini gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi, kwa hiyo magunia 12 tu yanakaribia tani moja, nami nataka gari ambalo tani moja kwenye njia ya mchanga ni kazi yake ya kawaida. Ndiyo maana nimeelekea kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao Toyota waliuanzisha mwaka 1984 na ambao vijijini wengi wanaujua kwa magari yake ya mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo.

Kwa asiyezifahamu, HZJ75 ni toleo la miaka ya 1990 hadi 1999, lilipopokewa na HZJ79. Injini ya matoleo hayo mawili ni ileile ya 1HZ: dizeli, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo (turbo). Tofauti kubwa iko chini. HZJ75 ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, ilhali HZJ79 iliwekewa springi za koili mbele, na magurudumu yakatoka kwenye nati 6 yakawa ya nati 5. HZJ79 inatulia zaidi barabarani, jambo ambalo silikatai, ila bei yake inatosha kununua HZJ75 na kuitengeneza, na chenji ikabaki.

Kabla ya kuangalia gari lolote nilijiwekea utaratibu mmoja, kwamba injini litakuwa jambo la pili. Wanunuzi wengi huanza kwa kusikiliza mlio, wakaridhika nao, wakalipa. Kwa maoni yangu huo ni utaratibu wa watu wa bara. Huku kwetu, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, injini ya 1HZ inaweza kushushwa, kufunguliwa na kufungwa upya na fundi wa hapahapa, na vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na Gerezani vikaletwa kwa basi. Chasisi iliyoliwa na chumvi haina duka. Kwa hiyo nilikwenda kukagua magari nikiwa na tochi, nyundo ndogo na kipande cha turubai cha kulalia.

Gari la kwanza, hapa mjini, sikulikagua kwa muda mrefu. Lilikuwa limepakwa andasili mpya chini kote, nyeusi, nene, inayong'aa. Andasili ni kinga nzuri ikipakwa juu ya chuma kisafi, lakini ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani na kutu ikaendelea kula bila kuonekana. Gari la miaka thelathini lenye tumbo linalong'aa wiki ya kuuzwa linaficha kitu, nami sikutaka kulipa ili nijue ni kitu gani.

Gari nililolinunua lilikuwa Lindi, kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa chumvi. Kabla yake lilikuwa gari la mradi, lenye namba za DFP (za miradi ya wafadhili), likauzwa kwa mnada. Mzee alilitumia kubebea chumvi na, msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, alilikodisha kwa watu wa kubeba salfa. Historia hiyo peke yake ilinitosha kujua ningekuta nini chini.

Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiliwashe kabla sijafika. Nilipomwamkia na kumaliza salamu za nyumbani, nikaweka kiganja juu ya boneti: lilikuwa la baridi. Akacheka. "Mwalimu, umekuja kununua gari au kulipima homa?" Injini ya baridi haina pa kujificha. Nilisubiri taa ya plagi za kupasha moto izimike, nikawasha, likashika mara moja, likatoa moshi mweupe kidogo uliopotea upesi. Moshi mweupe usiokoma ungenitia shaka juu ya nozeli au maji kuingia kwenye silinda. Wa buluu ungekuwa oili inayoungua. Mweusi, mara nyingi, ni dizeli inayozidi hewa, na pengine dawa yake ni chujio jipya la hewa tu. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke ulikuwepo, hafifu, usio na kishindo. Kwa injini ya umri ule niliridhika.

Kisha nikaingia chini. Nilianzia mbele, nikigonga kila shibri ya mihimili miwili mirefu ya chasisi, na chuma kikawa kinajibu kwa mlio mkavu, wa juu, hadi nilipofika nyuma, juu ya ekseli, pale springi inaponing'inizwa. Hapo upande wa kushoto mlio ulibadilika ukawa kama wa kugonga boga. Nilipogonga tena kwa ncha ya nyundo, magamba ya kutu yenye unene wa sarafu yalinidondokea kifuani, lakini nyundo haikutoboa. Upande wa kulia palikuwa pazima. Mihimili upande wa mbele, sehemu za boksi la usukani na viti vya injini vyote vilikuwa vizima pia. Kutu ya mahali pamoja, panapofikika na palipo mbali na usukani, inatibika. Iliyotapakaa mihimili yote miwili humfanya mtu aage na kuondoka.

Nilimwonyesha mzee kwa tochi, naye hakubisha. Tulianzia milioni 28 tukamalizia 23, chai ikiwa imeshaletwa mara mbili.

Machi

Karatasi zilichukua muda kuliko bei. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la mtu aliyelinunua mnadani, kwa kuwa mzee hakuwahi kubadilisha umiliki. Nilishikilia kwamba umiliki ukamilishwe kwanza TRA kwa jina lake, ndipo tuandikiane mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nami nimlipe sehemu iliyobaki. Watu waliniambia ninajisumbua. Anayenunua gari kwa kadi ya mtu wa tatu anajiandalia safari ya kumtafuta huyo mtu wa tatu, ambaye huenda amehama au amefariki.

Hapohapo kutu ikajitokeza tena kwa sura nyingine. Namba ya chasisi kwenye magari haya hugongwa juu ya mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele, na ndiyo inayolinganishwa na kadi. Kwenye gari letu tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimefunikwa na tope na kutu kiasi cha kutosomeka. Niliisugua mwenyewe kwa brashi laini ya waya na dizeli, polepole, bila msasa wala mashine, kwa sababu namba iliyosagwa huonekana imechezewa hata kama aliyeisaga ni mwenye gari. Ilisomeka yote. Nikapaka grisi juu yake na ninaipaka tena kila ninapoingia chini.

Aprili na Mei

Mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, tulishusha bodi la nyuma katika gereji moja Chikongola. Ndiyo kazi iliyofundisha zaidi katika mradi mzima. Kati ya sakafu ya bodi na mhimili wa kushoto palikuwa na tabaka la udongo, chumvi iliyoganda na unga wa manjano wa salfa, vyote vimeshikana. Sakafu ilikuwa na matundu madogo upande huo, na kila mzigo ulikuwa ukidondosha kidogo. Salfa kavu haina madhara makubwa kwa chuma, lakini ikilowana na kukaa muda mrefu hutengeneza asidi, na chumvi nayo huvuta unyevu hata siku zisizo na mvua. Fundi alipopitisha mashine ya kukatia, harufu ya salfa ilitufukuza wote tukatoka nje.

Kuhusu kuchomelea chasisi, nilikubaliana na fundi mambo kadhaa kabla hajawasha mashine. Betri ifunguliwe waya zote mbili na tangi la dizeli lishushwe. Chuma kilichooza kikatwe hadi kwenye chuma kizima, kisifunikwe kwa kiraka. Bati jipya liwe na unene uleule wa mhimili, kwa sababu likiwa nene zaidi halitapinda pamoja na mwenzake, na mhimili utapasuka pembeni mwa kiraka. Tena ncha zake zikatwe kwa mshazari, ili mstari wa kuchomelea usikate mhimili wima kutoka juu hadi chini. Fundi aliona ninazidisha. "Mwalimu, mimi nimechomelea Fuso zinazobeba tani kumi." Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimemletea yeye. Alikata kwa mshazari.

Tulipokuwa tunasubiri bushi na pini mpya za springi kutoka Dar es Salaam, Kimbunga Hidaya kikapiga mwanzoni mwa Mei, na barabara ikakatika upande wa Somanga, Kilwa. Mzigo wetu ulikwama huko pamoja na wa kila mtu. Muda huo tuliutumia kusafisha mhimili mzima kwa brashi, kuzibua matundu ya kutolea maji yaliyojaa tope, na kupaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili. Andasili tulipaka mwishoni, na kwenye matao ya magurudumu tu. Wapo wanaopulizia oili chafu chini yote kila mwaka. Inasaidia kiasi, ila inakusanya vumbi na kuharibu mipira ya bushi, kwa hiyo mimi nimechagua nta ndani ya mihimili na grisi kwenye maungio.

Juni hadi Agosti

Kazi za kawaida, nitazipitia haraka. Vichwa vya ekseli ya mbele vilikuwa vinavuja: oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) ilikuwa imepita kwenye sili na kuchanganyika na grisi ya jointi ikawa uji mweusi. Tulifungua pande zote mbili, tukabadilisha sili na beringi, tukajaza grisi mpya. Usukani ukaacha kutetemeka. Oili ya injini inaingia zaidi ya lita 9, jambo la kukumbuka unapopanga bajeti ukiwa umezoea gari dogo.

Matairi ni 7.50R16 yenye mipira ya ndani, juu ya rimu za vipande zenye pete. Hapa ninasisitiza kwa kila ninayemwona akijaza upepo: pete isiyokaa sawasawa inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua. Pete ikae upande wa ardhini au gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, na mtu asiliinamie.

Salfa ya shamba nilibeba kwa gari hilihili, kwa kuwa ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, haumsubiri mtu, lakini sakafu ilikuwa imeshazibwa na mifuko ilikaa juu ya turubai zito. Baada ya kila mzigo nilifagia kwanza ndipo nikaosha. Kumwagia maji salfa iliyosambaa ni kuisukuma kwenye kila upenyo.

Oktoba na Novemba

Msimu ulifunguliwa kwa bei ya mnada iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo, na ghafla kila mwenye pikapu akawa na marafiki wapya. Nilikodisha kwa majirani wachache, kwa sharti la magunia 12 na dereva niwe mimi. Kuna waliotaka kupanga 20 kwa sababu springi "bado zinacheka". Springi zinaweza kuvumilia. Ile sehemu iliyochomelewa ndiyo sitaki kuijaribu. Nilipoingia chini katikati ya msimu niliikagua kwa tochi mstari kwa mstari: rangi haijapasuka, na rangi kupasuka ndiyo dalili ya mapema kuliko ufa wenyewe.

Unywaji wa dizeli nimeupima kwa kujaza tangi na kugawanya: lita 12 hadi 13 kwa kilomita 100 likiwa na mzigo. Kwenye lami ya kwenda Masasi halina haraka, na kwenye vilima malori mapya hunipita. Kwenye mchanga wa Msimbati, likiwa limepunguzwa upepo na hab za mbele (vifungio vinavyofanya magurudumu ya mbele nayo yavute) zimefungwa, halikunitaka hata nishuke. Niliporudi nililiosha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, mihimili ndani na nje.

Kilichobaki ni belti ya taiming. Taa yake kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000, lakini mzee hakuwa na kumbukumbu ya lini iliwaka mara ya mwisho, na ikikatika valvu hugongana na pistoni. Kama ningekuwa na imani ndogo na injini hii ningeibadilisha mwezi ule wa kwanza. Nimeagiza belti pamoja na roli yake ya kukazia, na fundi amenipa nafasi wiki ya kwanza ya Desemba, kabla sijalipeleka gari Newala kuchukua mbao za paa.