Siku moja maishani mwangu: leo nimeitambulisha simfoni yangu hapa Moshi

Saa 11 alfajiri nishaamka, kibaridi cha Moshi bado kipo na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi haina hata wingu, nawasha kompyuta kabla ya chai. Jioni naitambulisha simfoni yangu mpya, yaani muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, kwa wanakwaya na wale wa bendi ya matarumbeta, kwahiyo navaa hedifoni naisikiliza yote, sehemu zote nne, bila kusimama. Ni ya okestra kubwa, watu 87: vayolini, viola, chelo na dabo besi peke yake 60, halafu fluti, oboe, klarineti na basuni tatu tatu, frenchi honi nne, tarumbeta tatu, tromboni tatu, tuba, timpani, wapigaji wengine wawili wa vyombo vya kugonga, na kinubi. Nimeiandika kwa mtindo wa kiromantiki, ule wa karne ya 19, sababu napenda melodi ipewe muda wa kukua, ipande, ishuke, ipande tena mpaka mtu koo limkabe.

Saa 2 asubuhi naanza kupitia karatasi za kila mpigaji. Hii kazi watu hawaijui. Honi iko kwenye F, yaani mpigaji akisoma noti ya C inatoka noti ya F iliyo chini yake, kwahiyo kila noti yake naiandika juu kuliko inavyosikika. Mpiga tuba namwachia mahali pa kuvuta pumzi, huwezi kumshikisha noti moja ndefu kama vile ni kinanda. Mpiga chelo akifika mwisho wa ukurasa awe na mapumziko kidogo, la sivyo atafunua na mkono gani?

Saa 7 ndizi nyama pale karibu na soko la Mbuyuni, saa 8 nina mwanafunzi wa piano, saa 10 tunafunga spika ukumbini.

Saa 11 jioni wamejaa. Sikuanza na spika, nilianza na wao wenyewe. Nikaandika ubaoni melodi ya honi kwa solfa, so ya chini, do, mi, re, nikaomba besi washike do, wengine waimbe. Wakaikamata hapohapo! Ndo nikawasha kompyuta, wakaisikia honi moja ikiimba kilekile walichoimba, vayolini zikitetemeka chini yake, na baadaye sehemu ya pili melodi ileile imegeuka mainor, ile ngazi ya noti yenye huzuni, klarineti anaiimba kwa sauti zake za chini kabisa huku chelo wanadonoa nyuzi kwa vidole. Mama mmoja wa alto akasema mwalimu, hapo umenigusa, nikashindwa hata kuendelea kuongea.

Kijana mmoja akauliza, mwalimu shikamoo, kwanini simfoni na sio kitu cha kwetu? Swali zuri na nililijibu kwa moyo wote. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, ni mwaka huohuo simfoni ya tisa ya mtunzi Dvořák ilipigwa mara ya kwanza New York, na Leipzig hiyohiyo ndiko mtunzi Mendelssohn alikuwa anaongoza okestra. Sauti nne tunazoimba kila Jumapili na matarumbeta yetu vimetoka kwenye mizizi hiyo, na bibi zetu wameviimba mpaka vikawa vyetu. Mi nimekulia humo. Nikiwaandikia tromboni tatu na tuba wapige polepole kama wimbo wa ibada, sijaazima kwa mtu, naandika nilichokisikia tangu niko mgongoni kwa mama. Nikamwambia pia kijana kwamba mtunzi Brahms simfoni yake ya kwanza ilipigwa 1876 akiwa na miaka 43, kwahiyo na yeye aanze kuandika sasa na asiwe na haraka.

Saa 2 usiku tunakunja nyaya, mzee anayepiga tuba kwenye bendi akaja kuomba karatasi yake ya sehemu ya nne. Akaisoma kasimama, kidole kinafuata mistari, midomo inahesabu, akaniambia hii tunaiweza. Jumamosi tunaijaribu, tarumbeta, tromboni na yeye.