Mkishapima?

Juma hili makala yetu imekubaliwa kuchapishwa, mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike salama salimini, na mkuu wa idara ametangaza kwamba anastaafu. Lakini kilichonikaa rohoni tangu Jumapili ni swali moja la shangazi, ambalo yeye mwenyewe nadhani alilisahau kabla sijavaa viatu vyangu kuondoka. Mnaosoma shajara hii tangu zamani mnamfahamu shangazi: ndiye aliyeniuliza mbele ya watu kama shahada ya uzamivu ina mshahara au ni ya kusoma tu.

Nilimkuta anachambua karanga kwenye sinia. Macho yake yalikuwa kwangu na vidole vilikuwa kazini: punje nzima zilizojaa zilisukumwa kushoto, na zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye doa la ukungu wa kijani zikasukumwa kulia. Aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kule kazini nafanya nini hasa, maana watu humwuliza naye hukosa la kuwajibu. Nilifurahi, kwa kuwa ni nadra mtu wa nyumbani kuuliza jambo hilo na kusubiri jibu, nikamweleza habari za sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini, kuanzia mwanzo: kwamba kuvu iitwayo Aspergillus flavus huishi udongoni na huvamia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa ukame na joto vinapoandamana wakati punje zinajaa, kisha huendelea kuzaana ghalani ikiwa mazao yamehifadhiwa na unyevu, kwamba sumu inayotengenezwa na kuvu hiyo huharibu ini, na imewekwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na kwamba kazi yangu mimi ni kusaga sampuli, kuitoa sumu hiyo kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, na kuipitisha kwenye mashine inayoweza kuona mikrogramu chache, yaani sehemu chache za milioni za gramu, ndani ya kilo nzima ya chakula.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ninyi mnapima," akasema.

"Ndiyo, shangazi, tunapima."

"Mkishapima?"

"Tunaandika matokeo, tunayapeleka kwa wanaohusika, halafu tunayachapisha."

"Na ile sumu?"

"Ile sumu inabaki palepale, shangazi. Kuiondoa ni kazi ya wengine."

"Haya, baba. Kazi ni kazi."

Hakukuwa na dhihaka yoyote sautini mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Angenicheka ningemjibu. Lakini alinipa ile pole ambayo mtu hupewa anapoeleza shughuli isiyoeleweka ilimradi inamlisha, kisha akageukia sinia lake na mazungumzo yakahamia kwa mtoto mchanga.

Tangu hapo nimemjibu shangazi mara nyingi, kila mara asipokuwepo. Nimemjibu nikioga, nimemjibu nikisuuza chupa za maabara, na kila jibu ni zuri kuliko lile nililolitoa mbele yake. Katika jibu la kwanza humkumbusha mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa ugonjwa ambao watu waliuita X kwa sababu hawakujua ni nini, mpaka ilipogundulika kwamba chanzo chake ni mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, na sumukuvu ikajulikana kwa mara ya kwanza. Katika jibu la pili humpeleka Kenya mwaka 2004, ambako watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Humwambia kwamba sumu hii haina ladha wala harufu ya kumshtua mlaji, kwamba kuichemsha hakuimalizi, na kwamba kuikaanga hupunguza sehemu yake tu. Kwa hiyo, shangazi, nasema nikiwa nimeinua sauti peke yangu, pasipo kupima hakuna ajuaye kilichomo ndani ya chakula! Naye, hata katika mazungumzo ambayo nimeyatunga mwenyewe na ambayo nilistahili kuyashinda, hutikisa kichwa kukubali, husubiri nimalize, na huuliza vilevile: mkishapima?

Jumanne mambo yakawa mabaya zaidi. Mwenzangu wa maabara alileta majibu ya gunia moja la karanga lililochomwa bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea sampuli, mahali tofauti, na sampuli mbili kutoka gunia hilohilo zilikuwa haziko hata karibu: moja ilikuwa chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa, nyingine ilikipita mara nyingi. Mashine ilikuwa imekaguliwa asubuhi ileile na haikuwa na kasoro. Anayeijua kazi hii hashangai, kwa sababu sumukuvu haitandi ndani ya gunia kama chumvi ndani ya mchuzi. Hujikusanya katika punje chache, na punje hizo hubeba mzigo usioaminika: imewahi kupatikana karanga moja yenye sumu inayozidi kiwango cha mikrogramu 1,000,000 kwa kilo, huku jirani zake wakiwa hawana kitu. Nilipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Karanga ya nusu gramu yenye kiwango hicho ina mikrogramu 500 za sumu. Ikisagwa pamoja na kilo 25 za karanga safi kabisa, zote zitasoma mikrogramu 20 kwa kilo, ambayo ndiyo mwisho wa kinachoruhusiwa katika chakula Marekani. Kwa kiwango cha Umoja wa Ulaya cha mikrogramu 4 kwa kilo kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, punje hiyo moja inatosha kuzifikisha kikomoni kilo 125.

Sasa mtu anachoma bambo, anatoa karanga za kujaza mfuko mdogo, na jibu zima linategemea kama ile punje imo au haimo. Ndiyo maana kwa shehena kubwa za karanga Umoja wa Ulaya hudai kilo 20 za sampuli, zikichukuliwa kidogokidogo kutoka mahali 100. Thomas Whitaker wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alitumia miongo kadhaa ya maisha yake kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kosa katika vipimo hivi haitokani na mashine wala na mpimaji, bali na namna sampuli inavyochukuliwa. Nimeyafundisha hayo mwenyewe. Lakini kuyafundisha ni jambo moja na kuyaona kwenye karatasi siku mbili baada ya kuulizwa na shangazi ni jambo jingine, kwa maana usiku ule swali lake lilikuwa limezaa mwenzake: kwani mmepima?

Alhamisi ndipo upepo ulipogeuka. Nilikuwa natayarisha somo kwa wanafunzi walioko kwetu kwa mafunzo ya vitendo, nikaufungua tena utafiti wa Guinea uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2005, ambao nimeutaja humu zaidi ya mara moja na ambao bado naupenda kuliko tafiti nyingi zenye picha za kupendeza. Watafiti walichukua vijiji 20, na katika 10 kati yake wakawafundisha wakulima mambo ambayo hayahitaji hata umeme: kuchambua karanga kwa mkono na kutupa zilizoota ukungu au kuharibika, kuzianika juu ya mikeka badala ya udongo mtupu, kuzikausha sawasawa, kuzitia katika magunia yanayopitisha hewa, na kuyapanga magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Hawakuishia kupima karanga. Walipima damu ya watu wenyewe, kwa sababu sumukuvu ikiisha kuliwa huacha alama yake katika protini ya damu iitwayo albumini, na alama hiyo hudumu kwa majuma. Miezi mitano baada ya mavuno, kiwango cha alama hiyo kwa watu wa vijiji vilivyofundishwa kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine.

Utafiti huo hausemi ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi zaidi, kwa kuwa yote yalitolewa kwa pamoja, na mwanafunzi makini anapaswa kulalamikia jambo hilo. Hata hivyo nilipokuwa najaribu kuwaandikia wanafunzi kwa nini kuchambua kwa mkono kunaweza kuwa na nguvu kiasi hicho, kalamu ilisimama, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye karatasi ya Jumanne. Tabia ileile ya sumu inayoniharibia vipimo, yaani kujirundika katika punje chache na kuziacha nyingine, ndiyo inayokifanya kidole cha mchambuaji kiwe na maana. Kama sumukuvu ingetanda sawasawa katika gunia zima, kupima kungekuwa rahisi kupindukia na kuchambua kungekuwa kazi bure: ungeondoa sehemu ya kumi ya punje, ukaondoa sehemu ya kumi ya sumu, basi. Kwa kuwa imejirundika, na kwa kuwa mara nyingi hujirundika katika punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa, ukiondoa punje chache mbovu unaondoa sehemu kubwa ya sumu yote. Si kila punje yenye sumu hujionyesha kwa nje, hilo lazima lisemwe, lakini zinazojionyesha zinatosha kubadilisha hesabu.

Nilicheka peke yangu ofisini. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikitunga hoja za kumshinda mtu ambaye, wakati wote nikimhubiria, alikuwa akiitoa sumu ndani ya chakula mbele ya macho yangu. Na bado sikuona kwamba kazi yangu imedharauliwa, kwa sababu bila vile vipimo vya damu hakuna ambaye angeweza kusema kwa uhakika kwamba vijiji vile vilifanikiwa. Wangebaki na imani na karanga zenye kupendeza macho.

Somo likaandikika lenyewe baada ya hapo, hata nikaongeza mambo ambayo huwa nayapita haraka. Niliwaandikia habari za aina za Aspergillus flavus zisizotengeneza sumu, ambazo hupandikizwa juu ya punje za mtama na kumwagwa shambani kilo 10 kwa hekta, majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua, ili ziwahi kuinyang'anya nafasi ndugu yao mwenye sumu. Niliwaandikia pia habari za mahindi ya Chuo Kikuu cha Arizona, yaliyotangazwa mwaka 2017, ambayo yalitiwa uwezo wa kutengeneza vipande vya RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) vinavyonyamazisha jeni ambayo kuvu huihitaji ili kutengeneza sumu, na ambayo baada ya kuambukizwa kuvu kwa makusudi hayakuonekana kuwa na sumukuvu ya kupimika. Ni kazi nzuri sana. Mimi bado nachagua mikeka, pengine kwa sababu ya umri.

Jioni hiyo nilimpigia shangazi simu nikiwa na hamu ya kumweleza. Hakunipa nafasi, mtoto amefumbua macho, mtoto ana paji la uso la babu yetu, mtoto analia kama anayedai haki. Mwishowe nikapenyeza swali: zile karanga za upande wa kulia alizipeleka wapi?

"Nilimpa jirani, ana ng'ombe wake anamkamua. Vitu vya kutupa hivyo?"

Furaha ikapungua pale pale. Ng'ombe akila sumukuvu aina ya B1, mwili wake huigeuza kuwa M1, ambayo hutokea katika maziwa ndani ya siku moja. Kwa kawaida ni asilimia chache tu ya kile alichokula, lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.05 katika kilo ya maziwa, na mwanzoni mwa mwaka 2013 Serbia ilitikisika kwa maziwa yenye sumu hiyo, baada ya ukame wa mwaka 2012 kuharibu mahindi yaliyolishwa ng'ombe. Konzi moja ya karanga za shangazi haitamdhuru ng'ombe yeyote, nami nilimwambia hivyo, nikamwomba tu safari nyingine azifukie. Kinachonisumbua ni kubwa kuliko konzi. Tafiti nyingi za kuchambua, kwa mkono au kwa mashine zenye macho ya kamera, huonyesha kwa fahari jinsi rundo la kushoto lilivyosafika, na rundo la kulia hutajwa katika sentensi moja, ilhali hilo ndilo sasa lenye sumu iliyokolezwa, ndilo la bei ya chini kuliko yote, na ndilo ambalo mtu asiyetaka hasara atalipeleka kwenye kinu cha mafuta au chakula cha mifugo. Zipo njia, kama kuchanganya udongo wa bentoniti katika chakula cha mifugo ili unase sumu tumboni kabla haijaingia mwilini, jambo ambalo Umoja wa Ulaya uliliidhinisha mwaka huohuo wa 2013. Lakini bentoniti huwekwa na anayejua kwamba sumu imo, na anayeuza rundo la kulia hana haraka ya kumjulisha mtu.

Nimeanza kuandika ombi dogo la kupima marundo hayo. Najua vizuri litakaloulizwa nikimsimulia shangazi.

Kabla ya hayo yote, kinu cha maabara kimeanza tena kutoa ule mlio wa chuma kukwaruzana, na unga wake unatoka na chembe kubwa kiasi kwamba siwezi kuuamini kwa sampuli yoyote ya karanga. Sampuli za Jumatatu zimeshafika, na fundi anayekijua hajapokea simu tangu jana.