Kutia maneno ya Kiswahili kwenye solo ya tarumbeta

Kwenye albamu ya Linger Awhile (2022), mwimbaji wa jazi wa Marekani, Samara Joy, aliitungia maneno solo ya tarumbeta ya Fats Navarro. Mbinu hiyo ilivuma miaka ya 1950, na waimbaji wa bendi hapa Dodoma wanaiweza. (Ukisema jazi, wengi husikia magitaa ya Morogoro Jazz. Hii ni nyingine.)

Chukua baa 8 tu (vipimo vya mapigo ya muziki) za solo. Punguza kasi ya rekodi hadi asilimia 70, uimbe "da-ba" mpaka ujue mpigaji anapumua wapi. Ndipo uhesabu noti: noti moja, silabi moja.

Wengi hukwama kwenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho; noti nzito ikiangukia "ma" ya Dodoma, neno linapinda na msikilizaji haelewi. Iangukie "do" ya katikati. Irabu zetu za mwisho ni neema kwenye noti ndefu, lakini kwenye noti za mbio "nyang'anywa" itakufunga ulimi. Weka "pita", "kata".

Shusha ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) kabla ya kuandika, si baadaye: "i" kwenye noti ya juu hubana koo, "a" hulifungua.